Faili la Zamani Lililosomwa Mwisho

Wanangu, ninyi mnaoketi mbele ya kompyuta na chai pembeni na muziki masikioni, ngoja nianze na kile ninachokiogopa. Siogopi programu inayokataa kuwaka. Hiyo ni kama mgonjwa anayepiga kelele wodini: inajulikana yuko kitanda gani na anaumwa wapi. Naogopa programu inayosoma faili la mipangilio, ikasema "tayari", kisha ikanyamaza. Nimeshinda na mashine hizi tangu zilipoingia upande wetu hadi nilipostaafu, na ukimya wa namna hiyo hunikausha mate hadi leo.

Labda mwingine kati yenu ndiyo kwanza anaanza, basi nimweleze. Programu ni kama mpishi wa shule ya bweni. Mikono anayo, sufuria anayo, lakini kiasi cha chumvi hakijui kichwani. Anakisoma kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Karatasi hiyo ndiyo faili la mipangilio. Ukitaka chumvi ipungue humfundishi mpishi kupika upya, unabadili karatasi. Ni jambo jema sana. Ni jambo la hatari pia, kwa sababu mpishi haulizi. Ukimwandikia kopo zima, atatia kopo zima, na atakupakulia akitabasamu.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika pale Mbinga, mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na malori na mizani yao, wakawa wanachukua kahawa mlangoni kwa mkulima. Ushirika ukanywea kama jani la tumbaku juani. Tukaanza kusikia neno "kupunguzwa". Wanangu, hamlijui neno hilo lilivyokuwa. Mtu mzima, baba wa watoto, alikuwa akiitwa ofisini anashika kwanza ukuta. Ilipofika zamu yangu nikafunga mizigo nikateremka upande wa ziwani, chini ya miinuko ya Tingi, kwa mdogo wangu Otilia. Yeye alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali ya misheni iliyoendeshwa na masista.

Hospitali hiyo ilikuwa na umeme wake yenyewe. Mto unaotoka milimani ulizuiwa kwa ukuta, tukiuita banio, na maji yakashushwa kwa bomba hadi kwenye mtambo. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta ya kuangalia kina cha maji na kufungua lango la kumwagia pale mto unapojaa. Akatafutwa mtu anayeweza kuchapa bila kutazama vidole. Aliyenipokea ni Fundi Benno, Mmatengo wa Maguu, kule juu milimani, mtu mfupi mwenye sauti nzito kuliko mwili wake.

"Dada Skola, unaogopa umeme?"

"Naogopa, Fundi."

"Vizuri. Aliyekuwa hapa kabla yako hakuogopa."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko kwao, anapona."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Programu aliiandika Benno mwenyewe kwa lugha ya Perl. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani mashine imeharibika, maana ilikuwa imejaa alama za dola na mabano kama uzi wa sufu uliochezewa na paka. Akanifundisha taratibu, kipande kimoja tu kila tulipokaa. Fungua faili. Kama halifunguki, piga kelele na usimame. Usiendelee kana kwamba umelisoma. Soma mstari mmoja. Ukate mkia, yaani alama ya mwisho wa mstari. Mstari ulioanza na alama ya reli, hii #, ni maneno ya binadamu kwa binadamu, uruke. Mstari mtupu, uruke. Uliobaki ukate penye alama ya sawasawa: kushoto ni jina, kulia ni thamani. Futa nafasi zilizoganda pande zote mbili. Weka kwenye kumbukumbu, nenda mstari unaofuata.

Mkia huo wa mstari nisiuache hivi hivi. Siku moja Benno aliandika faili la taa za wodi kwenye kompyuta ya ofisi fulani kule Mbinga, maana yetu ilikuwa na kibodi mbovu. Akanipa diski nitangulie nayo. Niliifunga kwenye kanga, nikaishika kifuani njia nzima kama mtoto mchanga, nikiiogopea vumbi, jua na sumaku za redio. Nikafika, nikanakili, nikawasha. Wodi zote zikapata mwanga, ya wazazi ikabaki giza. Faili lilisema wazi: taa ya wazazi, ndiyo. Mkunga akaja amebeba kandili, akanimulika usoni.

"Skola, mama anasukuma. Nimshike mtoto kwa kubahatisha?"

Nilisoma mstari ule mpaka macho yakaniuma. Benno aliporudi ndiyo akaona: kompyuta ya kule Mbinga huweka alama mbili mwishoni mwa mstari, ya kwetu huweka moja. Programu ilikata moja, nyingine ikabaki imeng'ang'ania neno kama kupe, haionekani. Kwa macho yetu neno ni "ndiyo", kwa mashine ni neno jingine kabisa. Mtoto alizaliwa salama kwa mwanga wa kandili. Lakini tangu siku hiyo nilielewa kwamba ninaweza kutazama kosa ana kwa ana na nisilione, na hofu ya jambo hilo haikunitoka.

Sasa niwaambie lile kubwa.

Kwa akina Benno, kule juu, mbegu ya zamani haitupwi. Maharage mapya yakiletwa, yale ya zamani huachwa kwenye kichanja juu ya moto, yanakaa pamoja na mapya, mpaka mapya yavunwe na watu washibe. Ni busara. Nani atatupa alichokijua kwa ajili ya kitu ambacho hakijaota? Benno aliishi hivyo katika kila kitu. Alikuwa na viatu vya zamani chini ya kitanda na vitasa vya zamani mfukoni.

Masika moja banio likapata ufa. Ulianza karibu na kina cha mita mbili, mwembamba, unapitisha kidole cha mtoto tu. Fedha za kulijenga upya hazikuwapo, tukaambiwa tusubiri. Benno akasema tusiache maji yafike kwenye ufa. Katika faili la zamani kikomo kilikuwa sentimita mia mbili arobaini: maji yakifika hapo, king'ora kinalia kuwaonya watu walio bondeni, programu inasubiri muda uliopangwa, halafu mota inafungua lango. Akaandika faili jipya lenye mistari michache tu, ile aliyotaka kuibadili. Kikomo mia na themanini. Lango lifunguke nusu, lisitikise ukuta. Akaliita "mpya". Lile la kwanza akaliita "zamani", akaliacha palepale, kwenye folda ileile, kama mbegu kichanjani. Akawasha upya. Skrini ikaandika: *Mipangilio imesomwa.*

"Umeona?" akasema. "Imekubali."

Programu ile, wanangu, ilisoma kila faili lililokuwa kwenye folda, kwa mfuatano wa herufi. Jina likitokea mara mbili, thamani iliyosomwa mwisho ndiyo inayobaki. Kwenye sengu ya Wamatengo, pale ukoo unapokula pamoja na kusemezana, vijana husema kwanza na mzee husema mwisho, na neno la mzee ndilo linalofunga. Kompyuta yetu ilifanya hivyohivyo. "Mpya" lilisema kwanza. "Zamani" likasema mwisho. Hakuna aliyetuambia. Kiangazi kikaja, mto ukalala, na sisi tukawa tunapita juu ya banio tukiamini tumelindwa.

Mvua za mwaka uliofuata zilichelewa, kisha zikaja kwa hasira. Siku ile ninayoisema, huku kwetu jua lilikuwa kali na ziwa linang'aa kama bati jipya. Mvua ilikuwa juu. Wingu jeusi lilikuwa limeketi milimani tangu asubuhi. Watu wa ngolo, wale wanaolima kwa mashimo huko mlimani, wanajua: mashimo yao ya shambani hunywa maji, hunywa tena, lakini yakishajaa yote, mlima mzima unamwaga kwa pamoja.

Dirisha la chumba changu lilitazama bonde. Niliwaona wafuaji mtoni, chini ya banio, na mashuka meupe yametandazwa juu ya mawe ng'ambo na huku. Otilia nilimjua kwa kitambaa chake cha njano. Alikuwa anacheka na wenzake. Sikumsikia, mto hauruhusu, ila mabega yake nayajua.

Nikageukia skrini. Kina cha maji: mia na tisini na mbili.

Nikatazama tena. Mia na tisini na tano. Kikomo ni mia na themanini. King'ora kimya.

Nilishika simu ya upepo na mikono miwili. "Fundi! Fundi Benno! Uko wapi?"

"Niko juu ya banio. Na mimi nataka kukuuliza, mbona halifunguki? Ufa unatoka jasho, Skola. Naona maji yanapita."

"Skrini inasema imesoma!"

"Imesoma nini?"

Hilo ndilo swali, wanangu. Imesoma nini? Nilikuwa nimekaa na sentensi hiyo miezi mingi na sikuwahi kuuliza.

"Nafungua kwa usukani," akasema.

"Usifungue! Akina Otilia wako mtoni!"

Usukani wa mkono unafungua lango tu, haulii. Na king'ora hakikuwa na swichi tena. Ilikuwa imeng'olewa kwa sababu walinzi walizoea kuibonyeza kuitana chakula, kisha walinzi wenyewe wakapunguzwa. Kushuka mpaka mtoni kwa miguu ni mbali, njia inazunguka mwamba. Kupiga kelele ni kujipigia mwenyewe. Kitu pekee ambacho Otilia angekisikia kilikuwa kile king'ora, na aliyekishika ni programu.

"Angalia kwenye folda," Benno akasema. Sauti yake nzito ilikuwa imekuwa nyembamba. "Kuna mafaili gani?"

Nikamsomea. La mashine ya kusaga. Mpya. Taa. Zamani.

Simu ikakoroma. Kisha: "Mama yangu. Zamani iko mwisho. Inaifunika mpya. Ifute, Skola. Futa zamani, uwashe upya!"

Nikaandika amri ya kufuta. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuingiza. Sijui ni nini kilichonizuia. Nadhani ni woga tu, ule wa mtu aliyewahi kutazama neno zuri huku likiwa na kupe. Nikauliza, "Fundi, kuna nini kingine mle ndani ambacho mpya haina?"

Niliusikia mto kupitia simu yake.

"Fundi!"

"Usiifute! Skola, usiguse! Muda wa kusubiri uko mle. Kwenye mpya sikuuandika, sikuubadili. Ukiifuta hakuna muda, na Perl ikikosa namba inahesabu sifuri. Itapiga king'ora na kufungua lango kwa pamoja!"

Nikaondoa kidole kana kwamba kitufe kina moto. Fikirini. Tukiacha faili la zamani, ukuta unapasuka juu yao. Tukilitoa, lango linafunguka juu yao. Na namba kwenye skrini imefika mia mbili na moja.

Mtaniuliza kwa nini sikubadili tu kikomo ndani ya lile la zamani. Kulikuwa na mistari mingine ya kubadili, ule wa lango kufunguka nusu ukiwamo, na kwa woga ule sikuiamini mikono yangu kwa namba. Niliiamini kwa kitu kimoja tu: kuchapa jina. Zamani liseme kwanza, mpya liseme mwisho. Nikalibadilisha jina faili la zamani, nikaliwekea herufi a mbele. Nikasoma nilichoandika kwa sauti, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaingiza. Nikazima programu, nikawasha.

*Mipangilio imesomwa.*

Sentensi ileile. Haikusema zaidi ya ilivyosema siku zote. Programu ilikuwa inapima maji kila baada ya dakika, na dakika ile niliiishi yote. Nilitazama kitambaa cha njano. Nilianza Salamu Maria nikakwama katikati, sikukumbuka kinachofuata.

King'ora kikalia.

Waliinua vichwa. Wakaanza kupanda, wanavutana, mmoja amebeba beseni, mwingine ameliacha. Nikawa nasema peke yangu chumbani, "Panda, panda, panda." Kitambaa cha njano kilikuwa nao. Kisha kikasimama. Kikageuka. Kikateremka tena.

Mashuka ya ng'ambo yalikuwa bado juu ya mawe.

Aliruka jiwe hadi jiwe, akavuka, akaanza kuyakusanya, moja baada ya jingine, akiyakumbatia. Sikuwa na njia ya kuisimamisha programu bila kulipasua banio. Au labda ilikuwepo na sikuijua. Nilipiga kioo cha dirisha kwa viganja. "Otilia! Wewe Otilia! Mwehu we!" Kioo kilitingishika, yeye hakugeuka. Mota ikanguruma kule juu. Maji yakatoka ya rangi ya matofali, yakafunika mawe, yakafunika ule weupe wote, na sikuona tena njano mahali popote.

"Limefunguka nusu," Benno akasema kwenye simu. "Ukuta umetulia. Skola? Ukuta umeshika! Skola, mbona hunijibu?"

Ilinibidi nikae. Mtu wa kusoma kina alikuwa mimi peke yangu, na bila kina Benno asingejua kama afungue zaidi. Nikawa nasoma namba. Mia na tisini na nane. Mia na tisini na nne. Kila nilipotaja namba nilikuwa nataja nisichokitaka. Wafuaji wenzake walikuja mlangoni, wamelowa, hawakuingia. Mmoja wao, Mama Gaudensia, mwanamke asiyejua kunyamaza, alijiziba mdomo kwa pindo la kanga. Nikajua na wao hawajamwona.

Benno alishuka baadaye, tope hadi kiunoni. Alisimama nyuma ya kiti changu akaitazama folda. Hakugusa kitu.

"Mbegu haitupwi," akasema, kama anayejibishana na mtu. "Lakini haikai kwenye kikapu kimoja na mpya. Hata mama yangu alizitenga."

Jioni ile ile, akiwa bado na tope, akaanza kuandika upya kile kipande cha kusoma mafaili, maana hakujua mikono aiweke wapi. Nawapa kazi yake, kwa sababu niliitumia mpaka nastaafu. Programu isome mafaili kwa mfuatano ulioandikwa wazi, si kwa bahati ya herufi. Nakala za zamani zikae folda nyingine ambayo programu haifiki. Kila thamani ambayo ni lazima iwepo, iulizwe kwa jina. Isipokuwepo, programu igome kuwaka na iseme kwa nini. Namba ipimwe kama ina akili: hakuna kusubiri sifuri. Na mwisho kabisa, kabla ya kusema imesoma, iandike kwenye skrini kila jina, kila thamani, na faili ilikotoka. Kikomo, mia na themanini, kutoka mpya. Mtu asome kwa macho yake, kwa sauti, na mwingine akimsikiliza. Mtaona uvivu kufanya hivyo. Nawaomba msione.

Alikuwa bado anachapa, kwa vidole viwili, jua likiwa limeegemea ziwa, Mama Gaudensia alipopiga yowe nje. Nilidhani wameuleta mwili wa Otilia.

Alikuja kwa miguu yake. Alikuwa amepanda mwamba wa ng'ambo maji yalipomfikia magotini, kisha akatembea ule upande hadi darajani, chini kabisa karibu na ziwa, na kupanda tena huku. Kitambaa hakuwa nacho. Kichwani alikuwa amebeba furushi la mashuka machafu, yanavuja tope shingoni kwake. Akasimama mlangoni pangu, meno yanagongana.

"Dada," akasema, "shuka moja limekwenda na maji. Usimwambie Sista, tafadhali. Juzi wamepunguza wawili."

Nilikuwa na maneno ya kumpiga nayo. Nilikuwa nimeyapanga mchana kutwa. Benno aliacha kuchapa, akainamisha kichwa juu ya kibodi.

Nilimtua furushi, nikachomoa shuka la juu, nikampa pindo moja nami nikashika jingine, tukasimama kwenye korido tukalikamua, yeye akisokota huku na mimi kule, maji ya matofali yakimwagika kati yetu sakafuni. Alivuta. Nikausikia uzito wake upande wa pili, nami nikavuta.